Kuuliza jina kulipokuwa na bei

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye simu na mama mmoja wa Nyeri anayeuza vifaranga, anataka tovuti ya biashara yake. Akaniambia jioni atakaa na wanawe wachague jina, halafu waingie kwenye intaneti waone kama bado liko. Nikamwambia, mama, chagueni jina, lakini msilitafute popote mpaka pesa ziwe mkononi. Akanicheka. "Kijana, kwani kuuliza bei dukani ni kununua?"

Swali zuri, na jibu langu likawa refu mno kwa simu. Sisi waundaji wa programu tunapeana onyo hili kama vile watoto wanavyoambiwa wasipige mluzi usiku, na wengi wetu hatujui lilianzia wapi. Nilikuwa bado shule ya msingi yalipotokea, kwa hiyo nami imenibidi nirudi nyuma kusoma.

Mwaka 1993 shirika la serikali ya Marekani liitwalo National Science Foundation lilikabidhi kampuni ya Network Solutions, ya jimbo la Virginia, kazi ya kuandikisha majina ya .com, .net na .org. Mwanzoni mwenye jina hakulipa kitu. Septemba 1995 kampuni ikaruhusiwa kutoza: dola 100 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha dola 50 kila mwaka. Asilimia 30 ya pesa hizo ziliwekwa kando kwa ajili ya kuendeleza intaneti. Mwaka 1998 sehemu hiyo iliondolewa na bei ikashuka hadi dola 70 kwa miaka 2. Bado ghali, maana kazi yenyewe ni kuweka mstari kwenye hifadhidata na kuutunza. Lakini ungekwenda wapi? Duka lilikuwa moja.

ICANN iliundwa mwaka 1998, na mwaka 1999 wasajili wengine wakaanza kuruhusiwa kuuza. Hapa naomba mnielewe vizuri, kwa sababu ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Daftari kuu la .com lilibaki moja. Kilichoongezeka ni maduka yanayopeleka majina kuandikwa katika daftari hilo. Mwaka 2000 Verisign ikainunua Network Solutions, ikawa inashika daftari na pia duka kubwa kuliko yote. Wakati huohuo maduka mapya yakashusha bei hadi chini ya dola 10, na wateja wakaanza kuhama.

Duka la zamani likajibu kwa barua. Mwaka 2002 wateja wa wasajili wengine walipokea karatasi zilizofanana na ankara, zikisema muda wa kikoa chao unakaribia kwisha. Ukilipa ukidhani unaongeza muda, kumbe umehamisha jina lako kwao. Msajili aitwaye BulkRegister aliwapeleka mahakamani mwaka huohuo, na mwaka 2003 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikafikia makubaliano na kampuni kuhusu barua hizo. Mwaka 2003 pia Verisign iliuza duka ikabaki na daftari, kwa hiyo yanayofuata si ya Verisign.

Sasa tufike kwa swali la mama. Kulikuwa na kanuni moja ndogo, ya nia njema kabisa: msajili akiandikisha jina kisha akalifuta ndani ya siku 5, anarudishiwa pesa alizolipa kwa mwenye daftari. Iliwekwa kwa ajili ya makosa, umeandika herufi vibaya, kadi ya benki imekataliwa, mambo kama hayo. Lakini kitu kinachoshikwa siku 5 bila gharama ni mtaji. Wajanja wakawa wanaandikisha majina kwa mamilioni, wanaweka kurasa za matangazo, wanapima yapi yanavuta watu, halafu wanarudisha mengine yote kabla siku hazijaisha.

Januari 2008 ikagundulika kwamba Network Solutions imepata matumizi mengine ya kanuni hiyo. Ukiingia kwenye tovuti yao ukaandika jina ili uone kama liko wazi, kisha ukaondoka bila kununua, kampuni yenyewe inaliandikisha na kulishikilia siku 4. Ukienda kwa msajili mwingine wa bei nafuu unaambiwa jina limechukuliwa. Ukirudi kwao liko, kwa dola 34.99 kwa mwaka. Siku ya 4 ikipita wanalifuta na pesa zao zinarudi.

Kampuni ilijitetea kwamba inawalinda wateja dhidi ya matapeli wanaochungulia yanayotafutwa na kuwahi kuyachukua. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Kamati ya usalama ya ICANN ilikuwa imetoa tahadhari juu yake Oktoba 2007. Lakini ulinzi gani huu unaomzuia mwenye wazo asinunue mahali pengine? Mlinzi wa kweli angeuliza kwanza. Tena, jina lililoshikwa lilionekana kwenye rekodi za wazi, kwa hiyo anayewinda mawazo ya watu alikuwa anasomewa orodha kwa sauti. Februari 2008 kesi ilifunguliwa California dhidi ya kampuni, na ICANN ikashtakiwa pamoja nayo.

Lililomaliza mchezo, kwa maoni yangu, ni hesabu kuliko aibu. ICANN ilianza kudai ada yake ya senti 20 kwa majina yanayofutwa kupita kiasi, na kufikia Aprili 2009 sera mpya ikasema msajili atarudishiwa pesa kwa majina 50 kwa mwezi au asilimia 10 ya aliyoandikisha, lolote lililo kubwa zaidi. Basi. Kati ya Juni 2008 na Aprili 2009 ufutaji wa siku 5 ulipungua kwa asilimia 99.7. Senti 20, jamani.

Kwa hiyo hila ile ya siku 4 haina faida tena kama zamani. Lakini anayeona unachotafuta bado ni mfanyabiashara, na dola 10 si kitu kwake akiamini jina litauzika. Ndiyo maana mimi huuliza daftari moja kwa moja, zamani kwa amri ya whois, siku hizi kwa RDAP, bila kupitia ukurasa wa muuzaji.

Mama alipiga tena Jumapili. Wamechagua jina, na mwanawe mdogo alikuwa ameshalitafuta kwenye tovuti tatu. Nikaangalia, nikakuta bado liko wazi. Pesa ya M-Pesa ikaingia baada ya dakika 6.