Kuvu wa Jicho: Dawa Ilitoka Wapi?

 

Mwaka 1879 daktari Mjerumani, Theodor Leber, alieleza kisa cha mkulima aliyerukiwa na kapi la nafaka jichoni. Kidonda kilichofuata kilikuwa cha kuvu, na dawa ya kuua kuvu haikuwepo.

Mwaka 1955 ikapatikana natamaisini, kutoka kwa kijidudu cha udongo wa Natal, Afrika Kusini. Matone yake hushambulia utando wa kuvu. Baadaye ikaja vorikonazoli, inayozuia utando huo kutengenezwa. Je, zikitumiwa pamoja? Utafiti wa India na Nepal uliotolewa 2016 uliongeza vidonge vya vorikonazoli juu ya matone. Kwa jumla, havikupunguza macho yaliyotoboka. Kwa hiyo kuchanganya dawa ni uamuzi wa daktari wa macho, akishajua aina ya kuvu.

Mama, mtoto akichomwa na jani la mahindi, jicho likawa jekundu na kuuma, usiazime matone ya jirani. Yakiwa na steroidi, kuvu huzidi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Jicho halina spea.