Nyara ni nani? Mwongozo wa kupora na kupigana kwa anayeanza

Ukianza kucheza Assassin's Creed Valhalla, gemu ya Ubisoft iliyotoka Novemba 2020, haupiti muda mrefu kabla hujaambiwa ukapore. Uko kwenye mashua ndefu ya Wavikingi, mto umetulia, monasteri inaonekana ukingoni. Unapuliza baragumu, wenzako wanaruka nchi kavu, kazi inaanza.

Wengi wenu mmeicheza, na wengine ndiyo kwanza mnaanza. Basi huu hapa mwongozo, ila wa aina yetu: nikikwambia namna ya kucheza, nitakwambia pia mambo yalikuwaje katika karne ya 9. Gemu hii imepatia mengi. Kuna jambo moja kubwa imeliacha nje, na ukijua Kiswahili hata kidogo unaweza kuligundua haraka.

Tuanze na maneno basi. Loot ya Kiingereza ilitoka Kihindi, lut, maana yake kupora. Waingereza waliichukua India pamoja na vingine vyote walivyochukua. Ukisikia loot unaona sanduku, dhahabu, panga linalong'aa. Sisi tuna ngawira, tuna nyara, tuna mateka. Sasa jiulize umeyasikia wapi maneno hayo nyumbani. Kwenye taarifa ya habari, si ndiyo? "Ndege imetekwa nyara." "Mateka wameachiwa." Nyara ni mali iliyochukuliwa vitani, na kumteka mtu nyara ni kumchukua yeye mwenyewe. Mateka siku hizi ni mtu tu, lakini kitenzi chake ni kilekile cha kuteka mji au kuteka mali. Kwa Kiswahili, mali na mtu vimekaa kwenye kapu moja.

Shika hilo kichwani. Twende tukapigane kwanza.

Kupigana: tunza pumzi

Kosa la kila anayeanza ni kubonyeza vitufe ovyo. Pamoja na mstari wa afya, kuna mstari wa pumzi. Pigo likikosa, pumzi inapungua. Pigo jepesi likimfikia adui, pumzi inarudi. Ukirukaruka kukwepa kila kitu, utaishiwa, na ukiishiwa umekwisha. Kwa hiyo chukua ngao, tulia, mwache adui aanze. Pigo lake likikaribia, kinga. Akiyumba, mpige wewe. Shambulio likiwaka rangi nyekundu, usijaribu kukinga, ruka pembeni. Afya ikishuka, tafuta matunda ya porini au uyoga, na uwe na akiba ya chakula kabla hujapuliza baragumu.

Hapa gemu imekaribia ukweli. Mashua ya Gokstad, iliyofukuliwa Norway mwaka 1880, ilikuwa na ngao 64, 32 kila upande, za mbao nyembamba. Ngao nyembamba hivyo haiwezi kupokea mashoka kutwa nzima. Unaitumia kugeuza pigo, kisha unaingia karibu. Silaha ya mtu wa kawaida ilikuwa mkuki au shoka. Upanga mzuri ulikuwa mali ya mwenye uwezo. Na zile kofia zenye pembe, sahau kabisa. Kofia ya chuma ya Gjermundbu, iliyopatikana Norway mwaka 1943, haina pembe hata moja.

Gemu inapotia chumvi ni pale Eivor anapomaliza watu ishirini peke yake. Vita vya mkono kwa mkono vilikuwa vita vya bega kwa bega. Aliyetoka kwenye safu alikuwa rahisi kuzungukwa. Tena mahali penyewe palipigana pia. Ukitaka mfano wa kwetu, soma habari za Mombasa, Agosti 1505, Wareno wa Francisco de Almeida walipoingia mjini. Watu wa Mombasa hawakuwasubiri uwanjani. Walipanda juu ya mapaa ya nyumba za mawe, wakawarushia mawe wale waliobanana kwenye vichochoro. Mchezaji mzuri anajua jambo hili: juu ni silaha, na njia nyembamba inampunguzia adui wingi wake.

Kupora: haraka, kisha ondoka

Sheria za uporaji kwenye gemu ni rahisi. Fika kwa mto. Puliza baragumu ili wenzako washuke, maana milango mikubwa na masanduku makubwa yanataka watu wawili. Peke yako huwezi. Tumia jicho la Odin kuona vitu vilivyofichwa. Anza na masanduku makubwa, kwa sababu ndiyo yenye vifaa vya kujengea Ravensthorpe, kijiji chako. Fedha, chuma na ngozi utaviokota njiani. Ukishamaliza, rudi kwenye mashua. Usikae kushangaa.

Haya nayo yana ukweli ndani yake. Juni 793, Wavikingi walivamia monasteri ya Lindisfarne, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Uingereza, na habari zake zikaishtua Ulaya. Kwa nini monasteri? Fikiria kama mporaji. Iko karibu na maji. Ndani mna vyombo vya fedha na dhahabu, na chakula cha watu wengi. Waliomo ni watawa, si askari. Na mashua zao ndefu hazikuhitaji maji ya kina, ziliweza kupanda mtoni hadi ndani ya nchi. Mpaka jeshi la mfalme likusanyike, wageni wameshaondoka.

Mwaka 865 mambo yalibadilika. Lilikuja jeshi kubwa lililokaa, likahama mji hadi mji. Majira ya baridi ya 872 hadi 873 lilipiga kambi Torksey, kando ya mto Trent. Kambi ile ilikuwa na ukubwa wa hekta 55 hivi. Ilikuwa kama mji: watu walitengeneza vitu, walipima fedha kwa mizani, walifanya biashara. Huo ndio wakati ambao Eivor anafika Uingereza kwenye gemu.

Sanduku ambalo halimo

Sasa jaribu kitu kimoja. Ukiwa monasterini, mpige mtawa. Gemu itakuonya kwamba Eivor hakuwaua raia. Endelea, na mchezo utakatika, urudishwe nyuma. Kwa hadithi ya gemu, unaishi ndani ya kumbukumbu ya mtu wa zamani, na alilolifanya ndilo tu linaloruhusiwa.

Watengenezaji wana sababu zao, na sidhani kuna anayetaka gemu ya kuua watawa. Lakini ona matokeo yake. Watawa wanapiga kelele, wanakimbia, basi. Hakuna anayefungwa kamba. Mashua inaondoka na masanduku tu.

Mashua za kweli hazikuondoka hivyo. Kumbukumbu za mwaka zilizoandikwa Ireland zinasema kwamba mwaka 821 Wavikingi walivamia Howth, karibu na Dublin ya leo, wakachukua wanawake wengi. Dublin yenyewe ilianza mwaka 841 kama kambi ya mashua zao, na baadaye ikawa soko kubwa la watumwa. Kikombe cha fedha kinauzwa mara moja. Mtu unaweza kumuuza, kumfanyisha kazi, au kudai fidia kwa ndugu zake.

Na tunaye mtu mmoja ambaye habari zake zimetufikia kwa upande wa pili, yaani upande wa ngawira. Aliitwa Findan, kijana wa Ireland wa karne ya 9. Wavikingi walimchukua dada yake. Baba akampa Findan mali aende kumkomboa. Alipofika, wakamtia pingu na yeye. Halafu wakabishana wenyewe kwa wenyewe, na waliosema si haki kumkamata mtu aliyekuja kukomboa wakashinda. Wakamwachia.

Haikuishia hapo. Baadaye maadui wa ukoo wake walimtega, akakamatwa tena, akauzwa, akauzwa tena, mkono hadi mkono, mpaka akawa mali ya mtu anayerudi kwao kaskazini. Njiani mashua yao ilikutana na nyingine, ugomvi wa damu ukazuka baina ya watu wake, wakapigana. Findan, na pingu zake, akasimama kumsaidia bwana wake. Bwana akafurahi, akamfungua. Walipotia nanga visiwa vya Orkney, Findan akajificha chini ya mwamba ufukweni, maji ya bahari yakimpanda, mpaka waliomtafuta wakakata tamaa. Aliishia kuwa mtawa Rheinau, Uswisi ya leo, na mtu aliyemjua ndiye aliyeandika maisha yake.

Dada yake je? Habari za Findan hazituambii alirudi.

Gemu nzima ya masaa mengi haina mtu kama yeye ndani ya mashua ya Eivor.

Fuata fedha

Pesa kwenye gemu ni fedha, na nyinyi mnajua kwamba kwa Kiswahili fedha ni madini na ni pesa pia. Mviking wa Torksey angetuelewa. Alikata vipande, akavipima.

Kati ya vipande vilivyookotwa Torksey, zaidi ya 100 ni vya dirhamu, sarafu za Kiislamu zenye maandishi ya Kiarabu. Ukiwa Dubai au Sharjah na dirhamu mfukoni, jina ni lilelile. Na si Torksey tu. Hazina ya Cuerdale, iliyopatikana mwaka 1840 kando ya mto Ribble karibu na Preston, ina vitu zaidi ya 8,600, na dirhamu zimo. Sehemu kubwa iko British Museum, kwa hiyo walioko London hawana kisingizio.

Zilifikaje? Kwa mto Volga na bahari ya Baltiki, mkono kwa mkono. Mwaka 922 Ibn Fadlan, mjumbe aliyetumwa kutoka Baghdad, aliwakuta wafanyabiashara wa Rus kwenye Volga. Alieleza walichokuja kuuza: manyoya ya wanyama na wasichana watumwa. Walichotaka kurudi nacho ni dirhamu. Basi baadhi ya zile sarafu unazoziokota kwenye gemu bila kufikiri, asili yake ni bei ya mtu.

Na sasa linganisha miaka. Eivor anapora Uingereza miaka ya 870. Miaka hiyohiyo, mabwawa ya chumvi ya Basra, kusini mwa Iraki, yalikuwa vitani. Watumwa waliolazimishwa kusafisha ardhi ya chumvi waliasi mwaka 869 na wakapigana na khalifa mpaka 883. Waliitwa Zanj, jina ambalo Waarabu walilitumia kwa watu wa Afrika Mashariki. Wanahistoria wanabishana ni wangapi kati yao walitoka kwetu kweli. Lakini dola iliyopigana nao ndiyo dola ambayo soko lake lilikuwa linanunua watu kwa dirhamu. Mwaka 871 waasi waliiteka Basra, wakaipora, na wao pia wakachukua mateka.

Nani anagawa

Mporaji halisi hakubaki na alichookota. Mombasa 1505, baada ya mji kuanguka, Almeida alitoa amri ya kupora na kila mtu apeleke alichopata, kisha apewe moja ya ishirini. Hebu hesabu: uvunje mlango, upigwe mawe kichwani, upate sarafu 20, ubaki na 1. Wareno nao waliondoka na mateka pamoja na nguo na vyombo.

Na tuwe wakweli kwa wenyewe. Pwani yetu haikuwa upande wa waliotekwa tu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, na waliouzwa pale walitekwa bara, wengi kwa vita na mavamizi ambayo bidhaa yake kuu ilikuwa mtu. Ndani ya familia zetu, ziwe Muscat au Birmingham, wamo waliotoka pande zote mbili za kamba ile, na mara nyingine ni familia moja. Ndiyo maana lugha imebeba mateka na mali pamoja. Waliozungumza lugha hii waliviona pamoja.

Kwa hiyo cheza, hakuna anayekukataza. Kinga vizuri, tunza pumzi, pora monasteri, jenga kijiji chako. Ila utakapofika kwenye mashua na masanduku yako, hesabu nafasi zilizo wazi kati ya makasia. Na kama kuna bibi au babu nyumbani, mwulize neno mateka alilisikia wapi kwanza, na lilikuwa la nani. Mwachie muda wa kujibu. Akikubali, rekodi, ututumie, tuyasikilize pamoja kwenye kipindi.