Delta
delta *nm* [i-/zi-] 1. herufi ya nne ya alfabeti ya Kigiriki. Kubwa huandikwa Δ, ndogo δ. 2. nchi tambarare iliyojengwa na udongo wa mto pale mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini au ziwani: *delta hii, delta hizi*. Huanza kwa herufi kubwa ndani ya jina mahususi tu: *Delta ya Rufiji*.

Asili. Wagiriki waliipata herufi hii kwa Wafoinike, ambao kwao jina lake lilimaanisha mlango. Dali ya Kiarabu, iliyoandikia Kiswahili kwa karne nyingi, ni ya ukoo huohuo, na katika hesabu ya abjadi thamani yake ni 4, sawa na delta kwa Wagiriki. Maana ya pili ilizaliwa Misri, kwa kuwa nchi iliyo kati ya mikono ya Nile ina umbo la Δ.

Katika sayansi. Hisabati na fizikia hutumia Δ kwa badiliko: Δt husomwa *badiliko la muda*, si "delta mara t", kosa la kawaida darasani. Katika mlinganyo wa kipeo cha pili, Δ ni b² − 4ac. Katika kemia, Δ juu ya mshale huonyesha kupasha joto. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikiita Delta kirusi kimojawapo cha korona. Hapo ni jina tu, halina maana ya umbo wala ya badiliko.

Delta na mlango. Wafasiri wengi huandika *mlango wa mto* panapotakiwa *delta*. Ni neno zuri la Kiswahili, na linakutana na maana ya Kifoinike bila kukusudia, lakini si kisawe. Delta ni nchi nzima: visiwa, mikoko, mashamba ya mpunga na madungu ya kulindia ndege. Mlango ni pale maji yanapotokea baharini. Rufiji ina delta moja na milango mingi, ukiwamo Simba Uranga na Kikunya.

Tofauti hii iliwahi kuwa suala la vita. Manowari ya Kijerumani *Königsberg* ilijificha humo mwaka 1914, na nyaraka zilizotekwa ziliwaonyesha Waingereza kwamba makaa yake yalipelekwa Salale. Mnamo Novemba walizamisha meli kuziba njia mojawapo ya maji. Delta haikufungika, kwani njia nyingine zilibaki. Manowari hiyo iliangamia tarehe 11 Julai 1915. Atakayetafsiri habari hiyo kwa kusema "waliziba mlango wa Rufiji" ameifuta sababu ya miezi yote minane iliyofuata.

Tahadhari. *Bonde la Rufiji* si *Delta ya Rufiji*. Bwawa la Julius Nyerere liko bondeni, mbali juu ya delta. Salale iko deltani. Katika taarifa ya mafuriko, kubadilisha maneno haya ni kutaja watu wengine. Vilevile, mkono wa mto unaochepuka kuelekea baharini usiitwe *tawimto*, neno ambalo vitabu vya jiografia hulitumia kwa mto unaoingia katika mto mkubwa. *Mkono wa mto* linatosha.