Kiti cha Ofisi: Cheo Kilivyoupisha Mwili

Zamani, mtu akiingia ofisini alimtambua mkubwa bila kuuliza, kwa kuwa ndiye aliyekalia kiti cha ngozi chenye mgongo mrefu. Mhazili, aliyeshinda amekaa kuliko wote, alipewa kiti kidogo kisicho na mahali pa kuegemeza mikono. Viwanda vya viti vilitengeneza kwa kufuata cheo, na mwili wa mkaaji haukuingia kwenye hesabu.

Ufundi ulikuwepo tangu mapema. Mwaka 1849 Mmarekani Thomas Warren alibuni kiti kinachozunguka, chenye magurudumu na springi za chuma chini ya kikalio, kikimfuata mkaaji kila anapoinama. Kilitengenezwa Troy, New York, na mwaka 1851 kikaonyeshwa London katika Maonyesho Makuu. Hata hivyo, hakikupata soko kubwa. Enzi zile kukaa wima, bila kuegemea, kulihesabiwa adabu, na starehe ya namna hiyo ilitiliwa shaka.

Moyo wa biashara ya samani Marekani ulikuja kuwa Grand Rapids, jimbo la Michigan, mji uliojengwa kwa mbao za misitu yake na jasho la wahamiaji, wengi wao Waholanzi na Wapolandi. Mwaka 1911 maelfu ya mafundi wa samani waligoma wakidai mshahara bora na siku fupi ya kazi. Baada ya miezi minne hivi mgomo ulivunjika. Mwaka uliofuata ikazaliwa hapohapo kampuni ya samani za chuma, ambayo leo inaitwa Steelcase. Chuma kilipendwa kwa sababu ofisi za mbao na karatasi, zenye wavutaji wengi wa sigara, zilikuwa zikiungua mara kwa mara.

Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza samani alizochora msanifu Frank Lloyd Wright kwa ajili ya jengo la kampuni ya Johnson Wax mjini Racine, lililofunguliwa mwaka 1939. Mataipisti waliwekewa viti vya miguu mitatu. Vilipendeza machoni, lakini ambaye hakukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili alipinduka. Inasimuliwa kwamba Wright mwenyewe alianguka alipokalia kimojawapo, na baadaye mguu wa nne ukaongezwa. Hata msanifu hodari kiasi kile alikuwa amelichora jengo kwanza, mkaaji akafuata.

Aliyegeuza mambo ni mbunifu Bill Stumpf. Akiwa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwafuata madaktari wa mifupa na wa mishipa ya damu ili ajue kukaa kunaufanya nini mwili. Matokeo yake yalikuwa kiti cha Ergon, kilichotolewa na kampuni ya samani ya Herman Miller mwaka 1976. Kisha yeye na mbunifu mwenzake Don Chadwick wakapewa kazi ambayo haikuhusu ofisi kabisa: kiti cha wazee. Waliona wazee wakijitupa vitini kwa kukosa nguvu za magoti, na sponji nene ikiwatia joto na kuwachubua ngozi. Wabunifu hao wakatafuta kitambaa cha wavu kitakachobeba uzito na kupitisha hewa. Mradi huo wa wazee uliachwa, jambo linaloniuma hadi leo, lakini wavu wake ulihamia ofisini.

Mwaka 1994 kiti cha Aeron kilitoka, bila sponji wala ngozi. Kwangu mimi, ushujaa wake ulikuwa kwenye saizi kuliko kwenye wavu. Zilikuwa tatu, A, B na C, na zilipangwa kwa umbo la mkaaji. Mkurugenzi mwembamba alikalia A, na karani mwenye mwili mkubwa akakalia C. Hapo ukubwa wa kiti haukutangaza tena ukubwa wa mtu kazini.

Tangu hapo uzalishaji mwingi umehamia China, hasa wilaya ya Anji, jimbo la Zhejiang, ambako viwanda vya viti vimejaa. Viti vya wavu vinavyouzwa Dar es Salaam na Nairobi, vingi vimetoka nchi hiyo. Bei imeshuka, na wavu umefika hadi ofisi ndogo kabisa, jambo la kufurahia. Lakini vingi katika vile vya bei nafuu vina saizi moja tu, na mwenye miguu mifupi bado anakaa ikining'inia.