Jinsi ya kuondoa programu za kijasusi kwenye tarakilishi

KIKULACHO ki nguoni mwako. Programu za kijasusi huingia nyumbani zikiwa zimefungamana na programu za bure, kisha huiba nywila na kumimina matangazo.

Kwanza, katiza intaneti. Fungua mipangilio, uondoe kila programu uliyoipakua usiyoihitaji. Pili, ondoa viendelezi vigeni kwenye kivinjari na ufute idhini ya tovuti kukutumia arifa. Matangazo mengi hupitia mlango huo.

Tatu, rejesha intaneti, usasishe Microsoft Defender, iliyomo bila malipo katika Windows 10 na 11, kisha uiagize ikague tarakilishi nzima.

Hatimaye, badilisha nywila za benki na baruapepe ukitumia kifaa kingine kilicho salama.

Tahadhari: tangazo linalodai umevamiwa na virusi, likakuuzia tiba, ndilo mtego wenyewe.