Faili dogo dhidi ya mgeni asiyealikwa

Historia hii ni fupi lakini inatuhusu sisi wote wenye kompyuta.

Mwezi wa pili 2009, watu walioacha Windows ijisasishe walikuta kitu kipya ndani ya Firefox: kiongezo cha Microsoft kinachoitwa .NET Framework Assistant. Hakuna aliyewauliza. Kiliruhusu tovuti kuleta programu kwenye mashini kwa njia nyepesi sana. Kukizima uliweza, kukifuta, hapana! Buto ya kufuta ilikuwa imekufa.

Juu ya nini? Kiongezo kiliandikwa ndani ya rejistri ya Windows, kwa ajili ya mashini nzima, si ya mtumiaji mmoja.

Njo hapo faili la .bat lilisaidia. Faili za namna hii ziko tangu MS-DOS ya 1981: ni maandishi tu, kila mstari amri yake, Notepad inatosha kuziandika. Mstari mmoja wa amri «reg delete» uliondoa kiongezo kwenye rejistri. Mwenye kuangalia mashini mingi za ofisi alibeba faili lile lile toka moja hadi ingine. Yaani kifaa cha Microsoft kilifuta kazi ya Microsoft.

Mwezi wa tano kampuni ilitoa marekebisho, buto ikafanya kazi. Mwezi wa kumi, kisha tundu la usalama kutangazwa, Mozilla ilikizuia kwa muda.

Basi, ukipewa faili la .bat, usilibofye kwanza. Lifungue na Notepad, usome. Kiongezo kiliingia kimya. Amri, yenyewe, inasomeka.