Besiboli: Ngazi ndefu ya kufikia ligi kuu ya Marekani

KIJANA wa Mji wa Kale, Mombasa, anayetamani kuishi kwa mpira huijua njia yake tangu utotoni: kandanda ya vichochoroni, timu ya mtaa, kisha, Mungu akipenda, Bandari FC au klabu kubwa ya Nairobi. Mwenzake wa kriketi anao uwanja wa Mombasa Sports Club. Besiboli haina njia kama hiyo hapa kisiwani, na wengi huifananisha na mchezo wa raunda wa shule ya msingi. Hata hivyo, jirani zetu wa Uganda, ambao shehena zao hupitia Kilindini, wamekwisha kupata vijana waliosajiliwa na klabu za Marekani.

Ligi kuu ya mchezo huo ina klabu 30, zote za Marekani isipokuwa moja ya Toronto, Kanada. Mwanafunzi wa sekondari au chuo katika nchi hizo hungoja uteuzi wa kila Julai, ambapo klabu huchagua wachezaji kwa zamu. Mgeni, awe Mdominika au Mganda, hana nafasi katika uteuzi huo. Yeye hutia saini mkataba na klabu moja kwa moja, hata akiwa na umri wa miaka 16.

Kutia saini, lakini, si kufika. Aghalabu kijana huanzia kituo cha mafunzo, mara nyingi katika Jamhuri ya Dominika, kisha hupanda daraja la A, A ya juu, AA na AAA. Katika kila daraja wapo wanaotemwa, na warushaji wengi huumia kiwiko au bega. Mapatano ya 2023, ya kwanza ya pamoja kwa wachezaji wa madaraja hayo, yaliweka mshahara wa chini wa AAA kuwa dola 35,800 kwa mwaka. Katika ligi kuu mwaka huo huo, kima cha chini kilikuwa dola 720,000. Tofauti hiyo yatosha kueleza kwa nini mtu huvumilia safari ndefu za basi hadi anakaribia umri wa miaka 30.

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alivumilia hivyo. Alilelewa katika jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alifanya kazi, na akasajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Aliitwa ligi kuu Aprili 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuichezea. Katika zamu yake ya kwanza aliupiga vyema mpira wa Jon Lester, mrushaji hodari wa Chicago Cubs. Karibu miaka tisa ya kungoja ikamzalia misimu miwili tu, wa pili akiwa Toronto.

Waganda bado wako chini ya ngazi. Ben Serunkuma na Umar Male walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, naye mrushaji David Matoma akachukuliwa na Pirates. Hadi msimu wa 2024 ulipokwisha, hakuna Mganda aliyekuwa amecheza ligi kuu.

Kikwazo chao cha mwanzo hakikuwa kipaji. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilishinda mashindano ya kanda nchini Poland na kufuzu kwa fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Ilinyimwa viza kwa sababu ya hitilafu katika hati za umri na kuzaliwa. Sisi wa Pwani, tunaoijua adha ya kufuatilia kitambulisho, hatuhitaji kuelezwa uchungu wake. Klabu inayosajili kijana wa miaka 16 nayo huchunguza umri kwa makini, kwa kuwa miaka miwili ya ziada hubadili kabisa thamani yake. Mzazi anayengoja barua ya usajili ndipo atafute cheti cha kuzaliwa amechelewa.

Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, Uganda, walipata viza. Wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport, na kabla ya kurejea nyumbani waliishinda timu ya Oregon 3-2.